Sanduku la Posta Halibadilishi Jina

Ukitaka kulifuatilia duka la zamani la Nairobi, usianze na jina la barabara. Barabara za mji huu zimebatizwa upya mno. Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, na kabla ya hapo Sixth Avenue. Moi Avenue ilikuwa Government Road, Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street, Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. Mtu akishika barua ya babu yake ya mwaka 1935 na kwenda kuitafuta Victoria Street, atazunguka hadi jua lizame. Usianze na jina la mwenye duka pia, kwa sababu karani Mwingereza aliyesikia jina la Kigujarati aliliandika alivyolisikia, na mwenzake wa mwaka uliofuata akaliandika alivyolisikia yeye. Anza na namba ya sanduku la posta.

Nasema hivi kwa sababu masanduku hayo ndiyo yaliyonilisha. Nilikuwa karani wa posta Nairobi, upande wa kuchambua barua, hadi nilipostaafu. Kwetu barua haipelekwi mlangoni kama Ulaya. Anwani ni namba, na namba ni kijumba cha chuma chenye ufunguo. Mfanyabiashara akishakipata hakiachilii. Akihama mtaa kinabaki chake, akifa anakirithi mwanawe, na akiuza duka mara nyingi namba huenda pamoja na rafu na mizani, maana wateja wa mashambani wataendelea kuandika kule kule walikozoea. Sisi makarani tuliwajua watu kwa namba kuliko kwa sura. Nikimkuta mtu harusini akitambulishwa kwangu, kichwani namba ilitangulia, jina likafuata.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma vitabu vya zamani vya anwani za biashara, sikujiona mgeni. Nilivifuata McMillan, ile maktaba ya Banda Street yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ikawa ya Wazungu peke yao. Nilivifuata pia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambayo jengo lake lenyewe lilikuwa benki kwenye Government Road. Watu huko hutafuta mambo makubwa: Mau Mau, mashamba, mikataba. Mimi nilitafuta nani aliuza misumari.

Vitabu vya namna hii vimezaliwa posta, na wanaovisoma wangefanya vyema kulikumbuka hilo. Kule Edinburgh, aliyetoa kitabu cha kwanza cha anwani za mji mwaka 1773 alikuwa Peter Williamson, mtu aliyetekwa nyara utotoni na kuuzwa Amerika, akarudi, akafungua mkahawa, kisha akaanzisha posta yake binafsi ya kupeleka barua mjini kwa peni moja. Ukishajua nani anakaa wapi, barua ni hatua inayofuata. London, Frederic Festus Kelly alikuwa mkaguzi wa wapeleka barua. Mwaka 1836 akakichukua kitabu cha anwani cha posta kikawa biashara yake, na kwa miaka kadhaa wapeleka barua wa serikali ndio waliomkusanyia majina mlango kwa mlango, mpaka malalamiko yakafika Bungeni. Manchester walitangulia mwaka mmoja kuliko Edinburgh, na huko mwandishi alikuwa mwanamke, Elizabeth Raffald, muuza vyakula aliyekuwa tayari ametunga kitabu cha mapishi. Ninayempenda kuliko wote ni John Macpherson wa Philadelphia. Mwaka 1785 alipita nyumba kwa nyumba, na waliokataa kumtajia majina yao akayachapa majibu yao yale yale mahali pa jina. Hadi leo wamo humo, wakorofi wale, mbele ya wajukuu wa wajukuu.

Hilo la Macpherson lina faida kwa mtafiti. Linaonyesha kwamba nyuma ya kila mstari kuna mtu aliyegonga mlango na mwingine aliyeamua kuufungua au kutoufungua. Vitabu vya huku kwetu vimepigwa pasi vizuri zaidi, huoni mikunjo.

Vya huku vya mwanzo havikuchapwa huku. Drumkey's Year Book for East Africa, ambacho wanaotafuta habari za walowezi hukitaja kwa toleo lake la 1909, kilitoka Bombay. Hilo halishangazi. Rupia ndiyo iliyokuwa fedha yetu, nguo zilitoka Bombay, na kwa mfanyabiashara wa Mombasa au Unguja, Bombay ilikuwa mji mkubwa wa karibu kuliko London. Baadaye kikaja The Red Book cha kampuni ya East African Standard, na toleo lake la 1922 liliweka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ndani ya jalada moja. Gazeti la Standard lenyewe lilianzishwa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mkandarasi Mhindi aliyewalisha wafanyakazi wa reli na kujenga nusu ya ofisi za serikali ya wakati ule. Aliliuza mwaka 1905. Kwa hiyo kitabu kilichowaorodhesha Wazungu wa nchi hii, mmoja mmoja kwa jina, shamba na cheo, kilitoka katika kiwanda cha uchapaji ambacho mbegu yake ilipandwa na Mhindi. Wahindi wenyewe humo utawakuta zaidi kama kampuni: fulani na wanawe, fulani na ndugu zake.

Njia yangu ya kusoma ni ya kichuuzi. Nachagua mtaa mmoja, nachukua matoleo yote yaliyopo, nanakili kila mstari wa mtaa ule: jina, kazi, sanduku, na simu ikiwapo. Mtaa niliouanzia ni Bazaar Street, ambayo leo ni Biashara Street.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Soko la kwanza la Wahindi lilikuwa la mabati na mbao juu ya matope, na tauni ilipozuka mwaka 1902 lilichomwa moto kwa amri ya serikali. Wenye maduka wakajenga upya. Mwaka 1906 mji ulikuwa na watu kama 11,500 hivi, na karibu chochote walichokula, kuvaa au kupigilia ukutani kilipita kwenye soko lile. Katika orodha za mwanzo kazi zinazotajwa ni pana mno: mfanyabiashara wa jumla, mwagizaji, mkandarasi. Mtu mmoja anauza mchele, blanketi na mafuta ya taa, na ukimwomba anakukopesha fedha. Allidina Visram, ambaye matawi yake yalitoka pwani hadi ndani Uganda, hana kazi moja unayoweza kuitaja. Alikuwa na pembe za ndovu, pamba, maduka, mashine za kuchambua pamba. Alifariki 1916 na biashara ile kubwa haikudumu baada yake.

Kadiri miaka inavyosonga, kazi zinagawanyika. Muuza vitu vyote anakuwa muuza vitambaa. Jirani yake anabaki na vyuma. Sonara anajitenga na mkopeshaji. Mpiga picha anatokea, kisha wawili. Hapo ndipo unapouona mji ukikua, kwa kuwa muuza vifungo peke yake hawezi kuishi mahali ambapo hakuna mafundi cherehani wa kutosha wa kuvinunua. Ukiona mstari wa muuza vifungo, jua nyuma yake kuna mafundi wengi ambao kitabu hakikuwataja.

Kuna mitego. Kitabu chenye mwaka fulani kwenye jalada kilikusanywa mwaka uliotangulia, wakati mwingine kabla ya hapo, na wakusanyaji wavivu walinakili toleo la zamani. Marehemu huendelea kuuza viatu miaka miwili baada ya mazishi yake. Aliyelipa alipata herufi nzito na tangazo la ukurasa mzima, asiyelipa akabanwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ukubwa wa herufi haukuambii ukubwa wa duka. Bei zilizo katika matangazo husaidia: rupia iliondolewa mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka uliofuata ikaja shilingi. Tangazo lililoachwa na bei za rupia ndani ya kitabu cha baada ya hapo linamsema mwenyewe kwamba hakujisumbua kulisahihisha.

Ndiyo maana kando ya kitabu cha anwani naweka Gazeti Rasmi la Serikali. Lile halikuandikwa kumfurahisha mtu. Humo mna ubia uliovunjika, waliofilisika, mirathi, leseni za pombe. Kampuni ya ndugu wawili inang'ara kwenye tangazo, halafu Gazeti linakwambia kwamba ndugu mmoja amejitoa na hatawajibika kwa madeni. Kwenye toleo lijalo la kitabu unakuta maduka mawili mtaa mmoja, kila moja likidai kuwa ndilo la asili. Mambo hayo ya ndugu sihitaji kuyaeleza kwa msomaji wa Kiswahili.

Kurasa zinazonichekesha ni za safari za uwindaji. Theodore Roosevelt alipokuja mwaka 1909 mara tu baada ya kutoka urais wa Marekani, Newland, Tarlton & Co. wa Nairobi ndio waliomtayarishia msafara: mahema, wapagazi, vyakula vya makopo. Habari zake zilienea duniani, na matajiri wakafuata. Kazi nzima ya mji ikajipanga kuwazunguka. Wauza bunduki. Mafundi wa mahema. Washonaji wa nguo za kaki, ambao miongoni mwao Ahmed Brothers walijulikana hadi ng'ambo. Mabenki yaliyowatunzia hundi. Na mwisho wa mnyororo, wale waliopokea ngozi na vichwa vya wanyama, wakavikausha na kuvijaza ili mtu akatundike simba wake sebuleni Chicago. Zimmermann ndio waliovuma zaidi katika ufundi huo. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe ikafungwa. Kazi iliyokuwa na kichwa chake cha habari kitabuni ikatoweka kwa kalamu moja. Kwenye Thika Road makanga wa matatu bado wanaita "Zimma! Zimma!" na abiria wanashuka kwenda kwenye maghorofa yao, wala hakuna anayewaza kwamba mtaa umepewa jina la mjaza ngozi za chui.

Sasa nije kwa wasiokuwamo, maana hapo ndipo penye kazi.

Chukua kitabu chochote cha Nairobi cha kabla ya vita vya pili vya dunia na utafute jina la Mwafrika kwenye sehemu ya biashara. Utapitisha kidole kurasa baada ya kurasa. Mji ulijaa watu wenye kazi: wavuta rikisho, hamali wa stesheni, dobi, yaya, wapishi, wapasua kuni, wachukuzi wa ndoo za choo usiku, wauza maji, vinyozi chini ya miti. Nyanya yangu aliuza uji Muthurwa, penye nyumba za wafanyakazi wa reli, na alisomesha watu kwa uji ule. Hakuwa na sanduku la posta, na asiye na sanduku hawezi kuandikiwa, na asiyeweza kuandikiwa kitabu cha anwani kitamweka wapi?

Waliokichapa na kukitumia walikuwa Waafrika pia, hilo ndilo linalouma kidogo. Harry Thuku kabla ya siasa alifanya kazi kwenye gazeti la Leader hapa Nairobi, penye mashine za kuchapia, kisha akawa opereta wa simu Hazina. Fikiria mtu huyo. Bwana mkubwa anafungua kitabu, anatafuta namba, anainua simu, na sauti inayomwunganisha ni ya kijana wa Kiambu ambaye jina lake halimo. Machi 1922 Thuku alikamatwa, umati ukakusanyika kumdai, na polisi wakafyatua risasi. Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Huo ndio mwaka wa lile toleo la nchi nne.

Moja ya mambo ambayo Thuku na wenzake waliyalalamikia ni kipande, na kipande kilikuwa orodha ya kazi kuliko kitabu chochote cha anwani. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri, mshahara, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa, ndani ya kibati alichokivaa shingoni. Weka orodha hizi mbili mezani uzitazame. Mmoja alilipa ili jina lake lionekane, mwingine angefungwa akionekana bila jina lake. Mmoja aliandika kazi yake mwenyewe kwa maneno aliyoyapenda, "mwagizaji wa bidhaa bora," mwingine aliandikiwa na bwana wake, neno moja, na neno hilo likamfuata kwa mwajiri mwingine. Kwa mtu anayechunguza kazi za mji, kipande kina habari nyingi zaidi. Kinataja mshahara, jambo ambalo kitabu cha anwani hakiligusi kamwe.

Lakini kipande kilimhusu mwanamume aliyeajiriwa. Mwanamke wa Pumwani hakumo kwenye kipande wala kwenye The Red Book. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa vijiji vya mjini kama Pangani wahamishiwe huko, na wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake, waliojenga kwa fedha za biashara zao, ukahaba ukiwamo. Mtafiti Luise White aliwahoji wazee wa huko miaka ya 1970 na kutoa kitabu mwaka 1990. Wanawake wale walizungumza juu ya kodi, vyumba na wapangaji kama mwenye mali yeyote anavyozungumza. Kwenye kitabu cha anwani cha enzi zao, mwenye nyumba ni Bwana fulani wa Government Road, wakala wa majengo. Ukimsoma huyo peke yake utafikiri Nairobi ilipangishwa na wanaume wa suti.

Hata wanaume waliokuja kuwa wakubwa hawakuwa na nafasi humo. Kenyatta miaka ya 1920 alikuwa karani wa stoo na msomaji mita za maji wa manispaa, na alikuwa na duka lake Dagoretti, Kinyata Stores. Duka la kijijini la namna ile, penye chumvi, sukari na mazungumzo, lilikuwa nje ya mipaka ya macho ya wakusanyaji.

Wasomaji vijana huniambia leo mambo ni tofauti, kila kibanda kina namba ya kulipia kwa simu. Ni kweli, mama mboga wa mtaani kwetu ana namba iliyopakwa rangi ubaoni, na kuna mahali ameandikwa. Ila orodha hiyo haiuzwi kwa jalada jekundu, na sidhani mtu yeyote ataikuta rafuni McMillan.

Pengo lingine linaanza 1967. Mwaka huo zilitungwa sheria za leseni za biashara na za uhamiaji zilizowabana wasio raia, na Waasia wengi wenye pasi za Uingereza wakaanza kuondoka, wakikimbilia kuingia London kabla ya mlango kufungwa Machi 1968. Linganisha orodha za River Road za miaka kabla ya hapo na za baada. Majina ya Shah na Patel yanapungua, ya Kamau na Mutua yanaingia. Lakini usikimbilie jina. Maduka mengi yalibaki na jina la zamani hata baada ya kuuzwa, kwa sababu wateja walilizoea na ubao wa rangi ni gharama. Kwingine ilikuwa kinyume, jina jipya mbele, fedha za zamani nyuma. Hapa ndipo namba ya sanduku inapokata maneno. Jina limebadilika, namba ni ile ile: duka limeuzwa, au lina mbia. Jina ni lile lile, namba imebadilika: mtu mwingine kabisa ameokota ubao. Kisha unarudi kwenye Gazeti kuthibitisha, maana namba ni shahidi mzuri lakini shahidi mmoja hatoshi.

Na mafundi je? Vibarua waliokuwa wakimshikia Mhindi bati alikate hawakwenda London. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti juu ya Kenya iliyoifanya dunia ianze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi, na mwaka 1977 Kenneth King akatoa The African Artisan, akifuatilia jinsi ufundi ulivyotoka kwenye karakana za Waasia ukaingia mikononi mwa Waafrika waliokuwa vibarua humo, wakaufungulia kazi zao wenyewe juani. Masanduku ya bati ya watoto wa bweni, taa za kibatari, majiko ya mkaa: vina ukoo, na ukoo huo unaweza kufuatiliwa.

Kwa kazi hiyo naanza na ukurasa wa wahunzi wa bati wa miaka ya 1950. Nachukua jina na namba, natafuta mahali karakana ilipokuwa, halafu naacha vitabu na kwenda kwa mafundi wa Kamukunji kuuliza nani alikuwa akishika nyundo pale. Mzee mmoja alinitajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, na mwajiri wa huyo, mpaka tukalifikia jina nililokuwa nalo mfukoni kwenye karatasi. Mwajiri alilipia mstari mmoja kitabuni. Walioutoa ufundi ule pale karakanani na kuuleta hadi hapa nimewaandika pembeni mwa karatasi, kwa penseli, kila mmoja na aliyemfundisha. Wanaotaka kufanya hivyo waende asubuhi, kabla kelele za nyundo hazijapanda, na wanunue kitu.